Ukame wa 1921 na ushairi wa usasa: Sitiari ilipogeuka kuwa hali halisi

OKTOBA 1921, karani mmoja wa benki ya Lloyds jijini London alipewa likizo ya miezi mitatu baada ya daktari kumshauri aipumzishe akili yake. Alikwenda Margate, mji mdogo wa pwani ya kusini-mashariki mwa Uingereza, akawa anaketi katika kibanda cha kujikingia upepo kando ya ufuo na kuandika.

Karani huyo alikuwa Thomas Stearns Eliot, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1888 mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri. Alichokuwa akikiandika ni sehemu ya The Waste Land, yaani nchi iliyokauka na isiyozaa. Shairi hilo lilichapishwa Oktoba 1922 katika jarida la The Criterion jijini London, na mwezi uliofuata katika jarida la The Dial jijini New York.

Kwa miaka mingi wahakiki wamelisoma shairi hilo kama maombolezo ya ukame wa roho. Ulaya ilikuwa imetoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mamilioni walikuwa wamefariki na imani za kale zilikuwa zimetikisika. Mawe, vumbi, mito iliyokauka na ngurumo isiyoleta mvua vimefasiriwa kama taashira za binadamu aliyepoteza dira.

Ufasiri huo si wa makosa. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo aghalabu husahaulika. Mwaka huo wa 1921, Uingereza ilikumbwa na ukame mkali, na kituo cha Margate kilipima mvua ya milimita 236 pekee kwa mwaka mzima. Hicho ndicho kiasi kidogo kabisa cha mvua ya mwaka kuwahi kurekodiwa katika kituo chochote nchini humo. Ni kiasi ambacho msomaji wa Kenya angekihusisha na Lodwar, katika Kaunti ya Turkana, wala si Uingereza.

Hivi ni kusema kwamba mshairi aliyeandika juu ya ardhi isiyo na maji alikuwa ameketi mahali palipokosa maji kuliko kwingine kote katika nchi ile. Mapema mwaka huo, katika makala aliyowaandikia wasomaji wa The Dial nchini Marekani, alikuwa tayari ametaja majira ya kuchipua yenye joto na yasiyo na mvua. Kabla ya ukame kuwa sitiari, ulikuwa ukame.

Jambo hilo ndilo linalowafanya baadhi ya wasomi wa fasihi leo kuurudia ushairi wa kipindi hicho na kuuliza: je, una lolote la kuiambia dunia inayokabiliwa na mabadiliko ya tabianchi?

Usasa ni nini?

Katika uhakiki wa fasihi, usasa si kila kitu kilichoandikwa siku hizi. Ni jina la mkondo wa sanaa uliochipuka Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19 na kushika kasi kati ya 1910 na 1940. Miongoni mwa washairi wake ni Eliot, Ezra Pound, Hilda Doolittle, Marianne Moore na William Carlos Williams. William Butler Yeats wa Ireland, ambaye hakuacha vina na mapigo ya kale, huhesabiwa pamoja nao.

Wengi wa washairi hao walikataa kulazimishwa na urari wa vina na mapigo. Isitoshe, walikataa wazo kwamba shairi lazima liwe na nafsineni mmoja anayesema jambo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Walivunja kauli katikati, wakachanganya lugha, wakaweka mazungumzo ya mtaani kando ya visa vya kale, na kumwachia msomaji kazi ya kuunganisha.

The Waste Land lina sehemu tano na mishororo inayozidi 430. Rasimu yake ilikuwa ndefu zaidi, na Pound ndiye aliyeshika kalamu na kukata kurasa nyingi. Eliot alimtunukia shairi hilo kwa shukrani. Ndani yake mna mwanamke mwenye wasiwasi chumbani, wanawake wanaopiga gumzo katika kilabu cha pombe hadi saa ya kufunga, mpiga taipu anayerejea nyumbani jioni, baharia aliyezama, mtabiri kipofu wa Kigiriki, na umati wa wafanyakazi unaovuka daraja la London asubuhi ndani ya ukungu.

Kinachowaunganisha wote hao ni ardhi. Katika maelezo aliyoyaongeza shairi lilipotoka kama kitabu mwishoni mwa 1922, Eliot alikiri deni lake kwa kitabu cha Jessie Weston kilichochapishwa 1920, kinachochambua hekaya ya mfalme mvuvi. Katika hekaya hiyo mfalme ana jeraha lisilopona, na kwa sababu hiyo nchi yake yote inakauka na kukosa mazao.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangazwa na fikira hiyo. Jamii nyingi za eneo hili ziliamini kwamba mvua ikikosa kunyesha, kuna kosa lililotendwa mahali fulani, na wazee wakaketi kulitafuta. Kwa muda mrefu elimu ya kisasa iliipuuza imani hiyo kama ushirikina. Sayansi ya leo haisemi kwamba mbingu zimekasirika, lakini inasema kwa vipimo kwamba matendo ya binadamu yanachangia kuikausha nchi. Lile wazo la jeraha na ukame limerudi kwa mlango mwingine.

Moshi ulioonekana na ule usioonekana

Uhusiano wa ushairi wa usasa na tabianchi hauishii katika ukame. Shairi la kwanza lililompa Eliot umaarufu, The Love Song of J. Alfred Prufrock, lilichapishwa katika jarida la Poetry la Chicago mwezi Juni 1915. Mojawapo ya taswira zake zinazokumbukwa zaidi ni ukungu wa rangi ya manjano unaojisugua kwenye vioo vya madirisha mithili ya paka.

Ukungu huo haukuwa wa kubuni. St. Louis, mji alikokulia mshairi, ulikuwa mji wa viwanda vilivyochoma makaa ya mawe, na London alikohamia ilijulikana duniani kote kwa ukungu wake mzito uliochanganyika na masizi. Desemba 1952, ukungu wa aina hiyo uliufunika mji wa London kwa siku tano na kusababisha maelfu ya vifo. Miaka minne baadaye, mwaka 1956, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kusafisha hewa.

Sheria hiyo ilifaulu kwa kiasi kikubwa kuondoa moshi ulioonekana. Lakini makaa ya mawe yanapoungua hutoa pia gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hii huzuia sehemu ya joto la dunia lisitoroke kwenda angani, na hivyo kuiongezea sayari joto.

Kabla ya mapinduzi ya viwanda, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na takriban sehemu 280 za gesi hiyo. Vipimo vya hewa iliyonaswa katika barafu ya kale vinaonyesha kwamba Eliot alipochapisha shairi lake, kiwango kilikuwa kimefika kama 305. Kufikia 2024 kilikuwa kimepita 420. Mwaka huo wa 2024 ulikuwa wa kwanza kwa wastani wa joto la dunia kuzidi ule wa kabla ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5 za Selsiasi, kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Tofauti na masizi, ambayo huoshwa na mvua baada ya siku chache, sehemu ya kaboni hubaki hewani kwa karne kadhaa. Maana yake ni kwamba kiasi fulani cha gesi iliyotoka katika mabomba ya moshi ya London ya 1922 kingali juu ya vichwa vya watu leo, London na Lodwar kwa usawa.

Ikumbukwe kwamba elimu hii haikuwa ngeni kabisa enzi hizo. Mwanasayansi wa Uswidi, Svante Arrhenius, alikuwa amekokotoa athari ya kaboni kwa joto la dunia tangu 1896. Mhandisi wa Uingereza, Guy Callendar, alionyesha 1938 kwamba dunia ilikuwa tayari imeanza kupata joto. Wachache waliwasikiliza.

Hapana ushahidi kwamba Eliot aliwasoma wanasayansi hao kwa nia ya kuandika juu ya tabianchi, na ukame wa 1921 hauwezi kutajwa kama matokeo ya kaboni. Lingekuwa kosa kumgeuza mshairi kuwa nabii. Thamani ya ushairi wake kwa suala hili iko kwingine, nayo ni katika umbo.

Kwa nini umbo ni muhimu?

Mabadiliko ya tabianchi ni jambo gumu kulisimulia. Hakuna mtu aliyewahi kuiona tabianchi kwa macho. Mfugaji wa Marsabit huona mzoga wa ng'ombe. Mkazi wa Mathare huona maji yakiingia chumbani usiku. Mkulima wa majani chai wa Kericho huona majani yaliyochomwa na baridi au jua. Kila mmoja ana kipande chake, na vipande hivyo havina msimulizi mmoja anayeweza kuvishika vyote.

Mwandishi wa India, Amitav Ghosh, alilijadili tatizo hili katika kitabu chake The Great Derangement kilichotoka 2016. Hoja yake ni kwamba riwaya ya uhalisia, iliyojengwa juu ya maisha ya kawaida ya mtu binafsi na matukio yanayowezekana, imeshindwa kubeba mafuriko na tufani ambazo zinaonekana kupita kiasi cha kuaminika. Riwaya inataka mhusika mkuu, mahali pamoja na mtiririko. Tabianchi inavikataa vyote vitatu.

Ushairi wa usasa ulivikataa pia, karne moja iliyopita. Mbinu yake ya kwanza ni kuweka vipande ubavu kwa ubavu bila kusema kwamba hiki kimesababishwa na kile. Msomaji anapitia vipande hivyo mpaka yeye mwenyewe atambue kwamba vinatokana na jeraha moja. Huo ndio utambuzi ambao mtu huupata anapoweka mzoga wa Marsabit kando ya maji ya Mathare.

Mbinu ya pili ni wingi wa sauti. Katika The Waste Land hakuna mhalifu anayeweza kukamatwa na kupelekwa mahakamani. Kuna watu wanaokwenda kazini, wanaokunywa, wanaopiga taipu. Wote wanaishi maisha ya kawaida, na nchi inakauka. Hali kadhalika, gesi inayoongeza joto duniani haitokani na uovu wa mtu mmoja bali na mamilioni ya asubuhi za kawaida, ingawa wako waliofaidika nazo kuliko wengine.

Mbinu ya tatu ni kuuvunja wakati. Shairi hilo linaruka kutoka vita vya Roma na Carthage hadi mitaa ya London bila kuomba radhi, kana kwamba waliokufa kale wangali wanatembea barabarani. Kwa msomaji wa 1922 huo ulikuwa mchezo wa kifasihi. Kwa msomaji anayejua kwamba makaa ya babu yanaendelea kulipasha joto anga la mjukuu, ni maelezo ya hali ilivyo.

Mbinu ya nne ni kuufuta umbali. Shairi linaanza Ulaya, likafuata mto Thames uliojaa takataka na mafuta, na katika sehemu ya mwisho linahamia ghafla kwenye mto Ganges huko India, ambao maji yake yamepungua huku mawingu yakikusanyika mbali juu ya milima. Mito hiyo miwili haina uhusiano wa kijiografia. Inakutanishwa na anga.

Mgogoro wa Kiswahili na majira yaliyoharibika

Mjadala kuhusu umbo la shairi haukuwa wa Wazungu pekee. Katika fasihi ya Kiswahili ulizuka kwa kishindo miaka ya 1970. Mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha diwani ya Kichomi iliyojaa mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Katika utangulizi wake alijitetea kwamba alitaka kuileta katika ushairi lugha ambayo watu huitumia kila siku.

Wanamapokeo walikasirika. Kwao, utungo usio na vina na mizani haukustahili kuitwa shairi, maadamu sheria za kutunga zilikuwa zimekwisha kuwekwa wazi na Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954. Kwa upande wa pili, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi waliutetea ushairi huru katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, 1979. Hapa Kenya, Alamin Mazrui na Kithaka wa Mberia wameendeleza mkondo huo, na leo mwanafunzi wa shule ya upili hutarajiwa kuyachambua mashairi ya arudhi na mashairi huru vilevile.

Mgogoro huo una maana mpya ukitazamwa kwa jicho la tabianchi. Ushairi wa arudhi umejengwa juu ya mrudio. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na kibwagizo kinachorejea mwisho wa kila ubeti. Msikilizaji anajua kitakachokuja, na furaha yake inatokana na kukipokea kwa wakati wake.

Mkulima naye aliishi kwa mrudio. Mvua ndefu zilitarajiwa Machi hadi Mei, mvua fupi Oktoba hadi Desemba. Huko pwani, kaskazi na kusi ziliamua lini jahazi litatweka na lini mvuvi atakaa nchi kavu. Utaratibu wa majira ulifanana na utaratibu wa beti.

Kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022, Pembe ya Afrika ilikosa mvua ya kutosha kwa majira matano mfululizo. Nchini Kenya, zaidi ya mifugo milioni 2.4 walikufa. Mwishoni mwa 2023 mvua ya El Nino ilisababisha mafuriko, na kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko mengine yakaua watu wapatao 300, wakiwemo waliosombwa usiku huko Mai Mahiu. Kibwagizo hakikurudi kilipotarajiwa, na kiliporudi kilibomoa nyumba.

Je, hali kama hiyo inaweza kusemwa kwa beti zilizopangika? Wapo watakaojibu kwamba haiwezi, kwamba majira yaliyovunjika yanadai mishororo iliyovunjika. Lakini jibu hilo ni jepesi mno. Kurasa za mashairi katika magazeti ya Kiswahili zimejaa tungo za arudhi kuhusu njaa, ukame na ukataji wa miti, na nyingi kati yazo huwafikia watu ambao hawatasoma diwani ya mashairi huru maishani mwao. Hakuna bahari ya ushairi iliyopigwa marufuku kuzungumzia mvua.

Tofauti iko katika kazi ambayo kila umbo hufanya vyema. Shairi la arudhi huonya, huasa na kukumbusha. Linajua lililo sawa na linamwita msikilizaji alirejee. Shairi la usasa halina uhakika huo. Linamweka msomaji katikati ya jambo ambalo bado halijaeleweka na kumwacha akae nalo. Jamii inayokabiliwa na hatari isiyowahi kuonekana inayahitaji yote mawili.

Mahali ambapo sitiari inakwama

Fauka ya sifa hizo, ushairi wa usasa una kasoro ambazo hazifai kufichwa.

Kwanza, ni mgumu. Eliot alitumia lugha kadhaa za kigeni na marejeleo ambayo hata wasomi wa zama zake waliyahitajia maelezo. Si wahakiki wachache waliouita ushairi wa mabwana wenye maktaba, na shutuma kwamba baadhi ya waasisi wake waliwadharau watu wa kawaida ina msingi.

Pili, wafugaji hawakumsubiri Eliot awafundishe kuusema ukame. Wasomali, kwa mfano, huzipa kiangazi kikuu majina, na ukame wa 1974 na 1975 ungali unakumbukwa kwa jina la Dabadheer, yaani wenye mkia mrefu. Jina kama hilo hubeba kumbukumbu ambayo haihitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, katika The Waste Land ukame unawapata waliokosea. Mfalme amejeruhiwa na nchi yake ndiyo inayokauka. Roho za London ndizo kavu, na ni London inayosawiriwa kama jangwa. Dhambi na adhabu zinaishi katika mtaa mmoja.

Tabianchi haifuati haki ya namna hiyo. Bara zima la Afrika hutoa takriban asilimia 4 ya kaboni inayotokana na mafuta na makaa ya mawe duniani, na mchango wa Kenya hauifikii asilimia moja. Hata hivyo, mwaka 2023 kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilitangaza kwamba mabadiliko ya tabianchi yalikuwa yameongeza uwezekano wa ukame wa Pembe ya Afrika kwa angalau mara 100, hasa kwa sababu joto liliukausha udongo na malisho kupita ilivyokuwa kawaida. Jeraha liko kwingine, na ardhi inayokauka iko Garissa, Wajir na Marsabit.

Kwa hiyo, msomaji wa Kenya anayeliendea shairi la 1922 hana budi kulisoma kwa kulipinga pia. Kwake yeye kiu si mfano wa upweke wa mtu wa mjini. Kiu ni umbali kati ya boma na kisima. Sitiari ya Eliot ilichukua ukame wa Margate ikaupandisha hadi kwenye roho. Leo safari ni ya kurudi, kutoka rohoni hadi kwenye udongo, na ni washairi wa nchi zilizokauka watakaoielekeza.

Ngurumo moja, wasikiaji watatu

Pamoja na hayo, sehemu ya mwisho ya shairi hilo ina jambo linalofaa kutajwa. Ngurumo inasikika, na Eliot anaifasiri kwa kutumia kisa kutoka Upanishad, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu.

Katika kisa hicho, miungu, binadamu na mashetani wanamwendea muumba wao, Prajapati, kutaka mafunzo. Anawajibu wote kwa silabi moja tu, sauti ya radi. Kila kundi linasikia neno tofauti. Miungu wanasikia kwamba wajizuie. Binadamu wanasikia kwamba watoe. Mashetani wanasikia kwamba wahurumie. Muumba anawaambia wote kwamba wamesikia sawasawa, kwani kila kundi limesikia lile linalolipungukia.

Kisa hicho kinafanana sana na mikutano ya kimataifa kuhusu tabianchi. Ripoti za sayansi ni zilezile kwa wajumbe wote. Nchi tajiri hutakiwa zijizuie kuchoma mafuta na makaa, na zitoe fedha. Nchi zinazoinukia huambiwa zichague njia nyingine ya maendeleo. Mara nyingi, tofauti na kisa cha Upanishad, kila upande husikia lile linaloupungukia mwenzake.

Novemba 2022, miaka 100 kamili tangu The Waste Land litoke, wajumbe waliokutana Sharm el-Sheikh nchini Misri walikubaliana kuunda hazina ya kuzifidia nchi maskini hasara na uharibifu unaotokana na tabianchi. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, viongozi wa Afrika walikutana Nairobi katika Kongamano la kwanza la Tabianchi Afrika, na suala la nani atoe nini likatawala tena. Ahadi zilizotolewa kwa hazina hiyo tangu wakati huo ni ndogo mno zikilinganishwa na hasara yenyewe.

Katika shairi la Eliot, upepo wenye unyevu unavuma na radi inapiga, lakini msomaji haonyeshwi mto ukijaa. Anaachwa na vipande mkononi, ufuoni, huku nchi kavu ikiwa nyuma yake.

Katika madarasa ya fasihi, mwanafunzi anapokutana na shairi lenye vumbi na mito iliyokauka, swali la kwanza huwa: ukame huu ni ishara ya nini? Hilo ni swali zuri na halifai kuachwa. Lakini katika nchi iliyopoteza majira matano ya mvua mfululizo, yafaa liandamane na mengine: ukame huu ni upi, ulianza lini, nani aliuchangia, na ni nani anayeulipia?